Kabla hujaketi kwa Mtaliano wa Barani

Tangu mgahawa ule wa vyakula vya Kitaliano ufunguliwe hapa Barani, mtaa wetu wa Malindi, mwezi wa Novemba, haipiti siku mbili sijasimamishwa njiani. Muuza mboga ananiuliza kama ni kweli samaki huletwa mbichi. Kijana wa bodaboda anataka kumpeleka mchumba wake lakini anaogopa kukwama mbele ya menyu. Shangazi yangu amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika 4, na swali lake ni moja tu: mwanangu, mule ndani mna nguruwe? Wananiuliza mimi kwa kuwa nimehudumu meza za Wataliano hapa Malindi kwa miaka 17, katika hoteli tatu na migahawa miwili, na Kitaliano nilijifunza papo hapo, sahani mkononi. Majibu ya kusimama njiani hayatoshi, na mimi nataka majirani zangu wale vizuri kwa pesa zao. Basi nayaandika hapa.

Kwanza, huyo "Mtaliano" ni Mgiriama. Alianza kwa kuosha sufuria kwenye hoteli moja ya ufuoni, akapandishwa kukata vitunguu, akafika hadi kushika jiko zima. Jina la mgahawa limeandikwa juu ya mlango, lakini kila mtu husema "kwa Mtaliano" na yeye huitika. Meza ni 12, tanuri ni la matofali, na mlango wa pili kutoka hapo ni kinyozi.

Wataliano wenyewe si wageni wa jana kwetu. Mwaka 1967 walirusha setilaiti yao kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini kule Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka hapo hapo setilaiti ya Marekani, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Wahandisi wakafuatwa na watalii, watalii wakafuatwa na wenye hoteli. Lakini meza zao zilikuwa ufuoni, bei ya mgeni, na sisi tuliingilia mlango wa jikoni. Huu wa Barani ndio wa kwanza ninaoujua mimi uliofunguliwa katikati ya nyumba zetu, na Jumamosi iliyopita nilihesabu meza 9 zenye wenyeji. Ndiyo maana naona umuhimu wa kusema haya.

Siku na saa ya kwenda

Jumamosi panajaa, kwa hiyo piga simu Alhamisi. Ukipiga, taja mna watoto wangapi, maana kuna meza mbili za nje zenye mchanga chini ambapo mtoto anaweza kuchezacheza bila kumwagiwa kitu cha moto. Sali Magharibi kwanza, kisha nenda. Saa moja usiku tanuri limeshakolea, kuni za mvinje zimewaka tangu alasiri, na jiko bado halijazidiwa. Ukifika saa mbili na nusu utasubiri, na mpishi aliyebanwa hapiki kama mpishi aliyetulia, hata awe hodari vipi.

Usiende ukiwa na njaa ya kuuma. Chakula hiki hupikwa baada ya wewe kuagiza, hakikai kwenye sufuria kikisubiri kupakuliwa kama pilau ya hotelini. Dakika 20 hadi 30 ni kawaida, na mkate utaletewa.

Na ukienda wakati wa kusi, mwezi wa Juni au Julai, bahari ikiwa imechafuka, weita anaweza kukwambia leo hakuna ngisi wala pweza. Usinune. Maana yake wananunua kwa wavuvi wetu na hawana freza iliyojaa vitu vya miezi mitatu. Ningehofu zaidi kama kila kitu kingekuwepo kila siku.

Kuhusu mavazi, vaa unavyovaa siku zote. Kanzu, buibui, shati la mikono mifupi, vyote nimeviona pale na vyote vimehudumiwa sawa. Neno moja tu kwa mwenye kanzu nyeupe: sosi ya nyanya ikipikwa kwa mafuta ya zeituni haitoki kwa sabuni ya kawaida. Kitambaa ulichowekewa mezani kichomeke shingoni. Wataliano wazee hufanya hivyo na hakuna anayewashangaa.

Menyu imepangwaje

Mtu wetu akiketi mezani anatafuta sahani moja yenye kila kitu: wali, mchuzi, mboga, kachumbari pembeni. Mtaliano hali hivyo. Yeye huleta kimoja, kikaliwa kikaisha, kikaja kingine. Ukilijua hili, nusu ya malalamiko ninayoyasikia mtaani yanaisha.

Antipasti ni vya kufungulia kinywa. Primi ni tambi, gnocchi, na risotto, ambayo ni wali wao. Secondi ni nyama au samaki. Contorni ni mboga na viazi. Dolci ni vitamu vya mwisho. Sasa sikiliza: secondo huja peke yake. Ukiagiza samaki wa kuchoma utaletewa samaki, kipande cha limau na mafuta kidogo, basi. Mboga na viazi ni contorno, huagizwa kwa jina lake na hulipiwa mbali. Jirani yangu alirudi akilalamika kaletewa samaki mkavu bila hata kachumbari. Hakudhulumiwa, hakuambiwa tu.

Wala hulazimiki kupita hatua zote tano. Wataliano wenyewe, siku ya kawaida, hula tambi wakamaliza, au pizza wakamaliza. Kula kimoja si ushamba wala si umaskini.

Kuna maneno kadhaa yanayofanana na yamewaponza wengi, wenyeji na watalii. Pollo ni kuku, polpo ni pweza, na polpette ni mabonge ya nyama ya kusaga. Peperoni kwa Kitaliano ni pilipili hoho. Ile soseji ambayo Wamarekani huiita pepperoni Mtaliano haijui kwa jina hilo. Pizza marinara haina samaki hata mmoja ingawa jina lake linanuka bahari: ni nyanya, thomu, oregano na mafuta, bila jibini pia, na ni nzuri sana kwa asiyekula maziwa. Ukitaka vya baharini tafuta frutti di mare. Gamberi ni kamba, calamari ni ngisi, aragosta ni kamba koche. Na ukisema latte tu, mpishi aliyefunzwa na Wataliano atakuletea glasi ya maziwa.

Nguruwe na mvinyo

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo penye uzito kwangu.

Nilikuwa na miezi miwili kazini, miaka mingi iliyopita, kwenye mgahawa mmoja wa ufuoni. Wakaja mume na mke kutoka Mombasa, walikuwa kwenye fungate, hina ya bibi arusi bado nyekundu. Wakaagiza carbonara kwa kuwa picha yake ilikuwa nzuri. Mume akauliza, hii nyama ni ya nini? Kabla sijafungua mdomo msimamizi wetu akajibu, "Nyama tu, kaka, karibuni," akanitazama kwa jicho la kunifunga. Mimi ni Mwislamu, na nilijua kilichomo. Nikaweka sahani mezani nikaondoka. Walikula wakamaliza, wakaniachia bakshishi ya shilingi 200. Ile noti sikuitumia, niliitia kwenye sanduku la msikiti, na haikunipunguzia kitu. Tangu siku hiyo, kila meza niliyohudumu niliwatajia wageni kilichomo kabla hawajauliza. Mara mbili niliitwa ofisini kwa jambo hilo.

Kwa hiyo shikeni haya. Majina yafuatayo ni nguruwe, hata kama hapakuandikwa nguruwe: prosciutto, pancetta, guanciale, speck, salame, mortadella, salsiccia. Bresaola kwa kawaida ni ng'ombe. Carbonara ina guanciale, yaani nyama ya shavu la nguruwe, pamoja na yai, jibini na pilipili manga. Amatriciana huwapata wengi zaidi, maana kwa macho ni sosi ya nyanya tu, kumbe guanciale imeyeyukia ndani. Pizza za capricciosa na quattro stagioni huwekwa vipande vya prosciutto, na diavola huwa na salame ya pilipili. Hata ile bolognese ambayo watu huiona ni nyama ya ng'ombe ya kusaga: mapishi yaliyosajiliwa na chama cha wafanyabiashara cha Bologna mwaka 1982 yana pancetta ndani, na mvinyo.

Mvinyo ndio mtego wa pili. Risotto nyingi hunyunyiziwa mvinyo mweupe mwanzoni, mchele unapokaangwa. Kombe na kome hufunguliwa kwenye mvuke wa mvinyo. Tiramisu, kitamu chao cha biskuti na krimu, nyingi zina marsala, ambayo nayo ni mvinyo, au rum kwenye kahawa inayolowesha biskuti. Watakwambia pombe huisha motoni. Haiishi yote, na kwenye tiramisu hakuna moto wa kuimaliza, maana haipikwi. Panna cotta, kitamu cha krimu, hushikanishwa kwa jelatini, uliza ni ya mnyama gani. Na kwa wenye kuchunguza zaidi, parmigiano hugandishwa kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama. Wanazuoni wana maneno yao juu ya hilo, mwulize maalim wako. Mimi nakwambia kilichomo tu.

Wala usione haya. Huna haja ya Kitaliano. Weita akifika, kabla ya menyu, kabla ya maji, mwambie: "Sisi hatuli nguruwe wala mvinyo, hata kwenye sosi. Tuoneshe tunachoweza kula." Msemee na mama yako na watoto, usimwachie kila mtu ajitafutie. Weita anayejua kazi yake atafurahi, maana umemrahisishia.

Pale Barani niliingia jikoni kwa ruhusa ya mwenyewe nikatazama. Nguruwe yupo, kwa ajili ya wateja wanaomtaka, lakini ana kisu chake, ubao wake na kikaango chake vyenye utepe mwekundu. Ragù yake, yaani sosi ya nyama, hupikwa kwa ng'ombe peke yake, saa tatu, bila mvinyo. Risotto hutia mvinyo ila ukisema mapema atatumia maji ya limau na supu ya samaki. Tanuri la pizza ni moja kwa zote. Nikamwambia: hilo nitawaambia watu. Akasema waambie. Kwa asiyeridhika na tanuri la pamoja, ale tambi au samaki, sufuria zake ni mbali.

Samaki wa mzani

Tazama menyu kwenye mstari wa samaki mzima au kamba koche. Ukiona neno "etto" au "100 g" pembeni ya bei, simama. Etto ni gramu 100. Bei ile si ya samaki, ni ya kipande cha uzito.

Nilimwona mzee mmoja, mahali pengine si hapa, kawaleta wajukuu wake wanne baada ya matokeo ya mtihani. Aliona 350 akaagiza kwa moyo mkunjufu. Samaki alikuwa gramu 900. Bili ilipokuja, mstari ule ulisoma 3,150. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena akasoma. Hakusema neno mbele ya watoto. Alilipa. Hakuna mtu aliyekuwa amemwibia kwa sheria, lakini hakuna aliyemwambia pia, na mimi nalihesabu hilo kuwa kosa la nyumba.

Basi fanya hivi: mwambie weita akuletee samaki umwone kabla hajapikwa. Tazama jicho na mashavu, hayo Mpwani hafundishwi. Apimwe, akwambie gramu ngapi na jumla ni shilingi ngapi, kisha useme ndiyo au useme mdogo zaidi. Kwa watu wawili gramu 600 hadi 700 zinatosha. Hii ni desturi hata Italia kwenyewe, hutaonekana bahili.

Jambo jingine: weita wengi wamezoea watalii, watamchambua samaki mezani na kichwa watakirudisha jikoni. Sema mapema kichwa kibaki. Kichwa cha changu kilichochomwa kwa kuni za mvinje hakifai kurudi jikoni.

Carpaccio ya jodari au ya sulisuli ni samaki mbichi kweli, kakatwa vyembamba kama karatasi, akatiwa limau na mafuta. Hilo ndilo lililomfikia muuza mboga wangu. Wapo pia sulisuli wa moshi, ambao wamekuwa kama alama ya meza za Malindi. Mwenye mimba aache vyote viwili. Mwingine na ajaribu sahani moja kwa meza nzima.

Tambi zetu na tambi zao

Sisi tuna tambi tangu zamani. Tambi za Ramadhani, zilizokaangwa, zikapikwa kwa tui, sukari, iliki na zabibu, zikawa laini hata asiye na meno hula. Ndiyo sababu mtu wa kwetu akitafuna spageti ya Mtaliano husema haijaiva. Imeiva. Wao huitoa majini ikiwa bado ina mshiko kidogo ndani, huita al dente, yaani ya kushika meno, kwa sababu itamalizikia kwenye kikaango pamoja na sosi. Nakuomba ule tonge tatu kabla hujahukumu. Baada ya hapo, kama bado huipendi, mwite weita umwambie iongezwe dakika mbili. Hakuna aibu. Majirani zetu Wasomali walichukua tambi kwa Wataliano waliowatawala, wakaziita baasto, wakazila na ndizi mbivu pembeni, na hakuna aliyekufa.

Kuhusu uma. Nimefundisha watoto wa hoteli hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Shika uma kwa mkono wa kulia, na kwa tambi mkono mmoja unatosha, hivyo wenye kuchunga kula kwa kulia msiwe na wasiwasi. Usichome katikati ya mlima. Nenda ukingoni mwa sahani, kamata nyuzi tatu au nne tu, uma usimame wima ncha zikigusa sahani, kisha zungusha pole pole kwa vidole, mkono wenyewe ukiwa umetulia. Nyuzi zitajifunga kama uzi kwenye kijiti. Zikining'inia mbili, ziache zining'inie, inama kidogo juu ya sahani ule. Kosa la wengi ni kukamata nyingi: zinageuka mpira, haziingii mdomoni, sosi inaruka. Mama yangu ana miaka 71. Mara ya kwanza zilimtoroka, ya pili zikamtoroka, ya tatu akafunga kifundo kizuri, akakiinua akakitazama kwanza kabla hajakila. Kwa steki au pizza unaweza kukata kwa kisu kwanza, ukaweka kisu chini, ukahamisha uma kulia. Wengi hufanya hivyo.

Jibini juu ya tambi za samaki Wataliano hawaweki. Ukitaka utaletewa, sahani ni yako. Ila kamba aliyetoka majini asubuhi ana utamu wake mwororo, na jibini huufunika wote. Omba ndimu badala yake.

Sahani ninayoisifu pale kuliko zote ni gnocchi za pesto. Gnocchi ni vidonge vya viazi na unga, laini, hata mzee asiyependa al dente atavifurahia. Pesto ni rehani iliyotwangwa na thomu, jibini na mafuta ya zeituni. Kwao hutiwa mbegu za msonobari. Mpishi wetu hutia korosho, na kwa ulimi wangu inafaa zaidi, ina uzito wa kupendeza. Na rehani ni ile ile mnayoijua, inayofungwa na asumini kwenye vikuba. Shangazi yangu, yule wa ujumbe wa sauti, aliinamia sahani akavuta pumzi akasema, "Hii inanukia arusi." Alikula yote, akapangusa sosi iliyobaki kwa mkate. Wataliano wana jina la kupangusa huko, huita scarpetta, yaani kiatu kidogo, na mpishi akikuona unafanya hivyo anafurahi.

Kama unatazama mfuko, agiza aglio, olio e peperoncino: thomu, mafuta na pilipili. Ni ya bei ya chini kuliko tambi zote, na haina cha kuficha. Mimi nikifika mgahawa nisioujua huianza hiyo. Thomu ikiungua, au mafuta yakielea, najua jiko hilo halinifai.

Pizza

Pizza ya mtindo wa Napoli huoka kwenye joto la nyuzi 485 za Selsiasi hivi, kwa sekunde 60 hadi 90. Ndiyo maana ukingo huja na madoa meusi na katikati ni laini, unataka kukunjika. Haikuungua na si mbichi. Ufundi huo UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017, mafundi wa Napoli kwa jina. Kijana anayesimamia tanuri la Barani hana kipimajoto. Hurusha vumbi la unga juu ya matofali akatazama unavyogeuka rangi.

Pizza ikipoa inakuwa ngumu kama mkate wa juzi, kwa hiyo kula papo hapo. Usiibebe nyumbani kwenye boksi kwa bodaboda. Mvuke huilowesha njiani, ukifika unakula kitu kingine kabisa. Kwa mkono ni sawa, ikunje mara mbili. Kwa kawaida yao kila mtu huwa na yake nzima, lakini pizza mbili kwa watu watatu zinatosha, waombe wakate vipande. Kechapu ipo ukiiomba. Jaribu kwanza mafuta yao ya pilipili.

Bili

Niliwapeleka wangu, tukiwa watano. Bruschetta, yaani mkate wa kubanika wenye nyanya, 400, pizza ya margherita 850, spageti za frutti di mare 1,400, gnocchi za pesto 950, changu wa gramu 700 kwa 350 kila etto, 2,450, mboga za kuchoma 300, chupa mbili za maji 400. Jumla 6,750, yaani 1,350 kwa kila mtu, na hakuna aliyetoka na njaa kwa sababu tuliweka kila kitu katikati tukagawana kama nyumbani. Wape taarifa kwamba mnagawana, watawaletea sahani tupu.

Maji ya bure hutapewa. Watakuuliza naturale au frizzante; frizzante ni yenye gesi, na watoto wengi huyakataa.

Tazama chini ya menyu, kwa herufi ndogo. Ushuru wa VAT ni asilimia 16 na tozo ya utalii ni asilimia 2, na kuna nyumba zinazoandika bei bila hivyo, ukaja kuvikuta mwishoni. Nyingine huongeza coperto, malipo ya kukalia meza na mkate, kwa kila kichwa. Barani bei imejumlisha yote na coperto hakuna. Hata hivyo soma bili mstari kwa mstari, hesabu maji, hesabu mikate. Kosa likiwepo liseme taratibu. Mara nyingi ni meza mbili zimechanganywa, nami nimezichanganya pia nikiwa nimechoka.

Bakshishi si lazima. Ukitaka kutoa, toa mkononi mwa aliyekuhudumia au muulize kama ile ya M-Pesa inamfikia. Kwenye nyumba nyingi nilizofanya kazi, iliyopita kwenye simu ya nyumba ilifika mwisho wa mwezi, ikiwa imepungua. Hamsini ya mkononi ilinifikisha nyumbani usiku.

Mkimaliza, omba caffè. Usiombe cappuccino kama unataka kufuata wao, kwao hiyo ni ya asubuhi, ingawa utaletewa ukiitaka. Caffè huja kwenye kikombe kidogo, nyeusi, kali, matone machache tu. Wageni wa bara huona wameibiwa. Mama yangu alikitazama kile kikombe, akanywa mara mbili kikaisha, akasema hii ni kahawa tungu, ile ile ya mzee wa buli pale msikitini, kasoro tangawizi. Kisha akamuuliza weita kama wana kashata. Hawakuwa nazo. Safari ya pili alikwenda na zake za njugu, zimefungwa kwenye karatasi ndani ya mkoba, akampa weita tatu na mpishi mbili. Jumatatu wanafunga.